Tuliowafanya Ndugu

Nilijifunza kubusu mgongo wa mkono wangu nikiwa na miaka hamsini na mbili, katika chumba kilicho juu ya duka la kutengeneza simu, Harrow, huku ughaibuni. Ndivyo wanavyofanya watu wanaoingiza sauti kwenye tamthilia. Yule aliye kwenye picha akibusu, wewe unayemsemea unabusu mkono wako mbele ya maiki, na mtazamaji kule sebuleni kwake anaamini midomo miwili imekutana. Mara ya kwanza, kwenye majaribio, niliposikia mdomo wangu mwenyewe kwenye spika za masikioni, mate yakilia kama kandambili kwenye tope, nilizivua zile spika nikaenda chooni kunawa. Nilinawa mpaka kiwikoni.

Mimi ni mtu wa kinyaa, na sioni haya kusema. Watu hushangaa, kwa sababu kazi yangu ya siku zote ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunza, na huko nimefuta kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kutoa. Hicho hakinisumbui; mzee hana kosa. Kinachonichefua ni mambo ambayo mtu anayafanya akiwa na uwezo wa kuyaacha. Anayetafuna mdomo wazi. Anayesema pole huku anatazama simu. Na msimamizi wetu wa kurekodi, Mkenya wa Nakuru, mtu mwema kabisa, aliyekuwa akila mayai ya kuchemsha ndani ya chumba kisicho na dirisha, chenye mablanketi makuukuu yaliyotundikwa ukutani ili yameze mwangwi. Mablanketi yalimeza mwangwi na yalimeza mayai, na kila Jumamosi tulipofungua mlango yaliturudishia mayai.

Nilifika pale kwa sababu ya ujana wangu. Kabla sijaolewa nilicheza michezo ya redio Dar es Salaam kwa miaka mitatu, na Mkenya alipokuwa akitafuta sauti za wanawake watu wazima, mfanyakazi mwenzangu alinitaja. Chumbani tulikuwa watatu tu. Msimamizi aliendesha mashine na kusema "Rudia" kila tulipokosea. Mimi. Na mwenzangu wa Bukavu, mke wa mchungaji, aliyekuwa akisafisha maofisi alfajiri kisha anakuja kwetu na macho mekundu na Biblia ndani ya mkoba. Wanaume wa tamthilia walisemewa na watu wengine, siku nyingine, na sikuwahi kuwaona.

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya upelelezi, ya Kiingereza, vipindi kumi, imenunuliwa na kituo kimoja cha televisheni cha nyumbani. Mji wa bandari, baridi kali, mwanamke ameokotwa amekufa kwenye ghala la samaki. Mimi nilimsemea mpelelezi mkubwa, mwanamke wa umri wangu, talaka mbili, uso kama mlango uliofungwa. Alikuwa akila wima, kwenye sinki, kwa uma ule ule aliokorogea. Kiti cha mbele cha gari lake kilijaa mafaili ili mtu yeyote asikae karibu naye. Mwenzangu alimsemea mpelelezi mdogo, aliyehamishwa kutoka mji mwingine baada ya kumripoti bosi wake kwa kuficha ushahidi. Katika kipindi cha kwanza yule mdogo anamletea mkubwa chai, na mkubwa anaimwaga bila hata kuigusa na mdomo. Nilimpenda papo hapo. Nami chai ya watu siinywi hivi hivi.

Kumsemea mtu si kusoma maneno yake. Unapumua anapopumua. Akivuta pumzi kabla ya kusema uongo, nawe unavuta. Ukifanya hivyo Jumamosi tatu unamjua mtu kuliko alivyomjua mumewe. Nilimwona akibadilika kabla sijaambiwa. Kwenye kipindi cha pili alianza kumngoja mwenzake mlangoni, ingawa alijifanya anafunga koti. Kwenye cha tatu aliyatoa mafaili kwenye kiti cha mbele akayatupa nyuma, bila neno, na yule mdogo akaingia akakaa. Msimamizi alitaka niweke mguno pale. Nilimwambia mwanamke huyu hagunii kitu alichokwisha kukiamua. Akaniacha.

Skripti tulipewa kipindi kimoja kimoja, asubuhi ile ile ya kurekodi, kwa sababu msimamizi alikuwa akizitafsiri mwenyewe na kila mara alikuwa amechelewa. Kwa hiyo hakuna aliyejua mbele kuna nini. Cha nne kilipokuja tulikisoma kwa macho tukiwa tumesimama, na tukafika mahali pamoja kwa wakati mmoja. Wapelelezi wamo ndani ya gari, mvua inanyesha. Mkubwa anasema amekuwa akimwogopa mdogo tangu siku ya kwanza. Mdogo anauliza kwa nini. Mkubwa anambusu.

Nitasema nilivyojisikia, maana nimeahidi nafsi yangu kutojipaka poda hapa. Nilisikia kichefuchefu. Nilimchukia yule mwanamke niliyekuwa napumua naye kana kwamba amenifanyia hila. Amenikaribisha kwake, nimempenda, kumbe ndiye huyu! Nilitazama mkono wangu, mgongo wake, mahali pa kubusu, nikaona hata ngozi yangu inanisuta.

Mwenzangu aliiweka skripti chini kama mtu anayeweka sahani yenye inzi.

"Miye siwezi sema ile maneno," alisema. "Bwana yangu ni mchungaji, mama. Bantu ba kanisa batasikia sauti yangu mule. Siwezi."

Msimamizi alijikuna kichwa. "Aki hata mimi sijui tutado nini. Station imesema hiyo scene ya midomo wataikata huko, lakini maneno ni sisi tubadilishe. Na deadline ni wiki ingine."

Wakaanza kubishana. Wawe marafiki sana? Marafiki hawalii hivi. Wawe mtu na shoga yake wa shuleni? Niliwasikiliza kidogo, kisha nikasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyanya:

"Wafanyeni ndugu. Baba mmoja, mama mbalimbali. Hawakulelewa pamoja, wamekutana ukubwani kazini, na hapo ndani ya gari ndipo wanapogundua."

Msimamizi alipiga makofi. Mwenzangu alisema, "Yesu asifiwe!" akanikumbatia, na nguo zake zilinuka dawa ya kusafishia. Wote wawili waliona nina akili sana. Hakuna aliyeniuliza wazo lile nimelitoa wapi haraka namna ile.

Nililitoa nyumbani. Nilikuwa nalitumia mwaka wa pili sasa.

Nina binti mmoja. Amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote na hunijibu kwa Kiingereza. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyomsikia. Anafanya kazi uwanja wa ndege na anaishi Hounslow na msichana mmoja wa Kihindi, mfamasia, ambaye wazee wake walitoka Kisumu. Siku moja nilikwenda kumpokea stesheni ya Queensbury, mvua inanyesha, na kabla sijawasha gari akaniambia, "Mama, yule si rafiki tu. Tunapendana. Nataka ulisikie kutoka kwangu."

Nilisema, "Sikukusikia." Nikawasha waipa, nikaziweka kwenye kasi ya juu kabisa, zikapiga kelele kwenye kioo. Alikuwa amekaa nusu mita kutoka sikioni mwangu. Hakurudia. Tulifika nyumbani tukala, na baada ya hapo neno lile halikutajwa tena. Yule msichana akija naye, nilimkaribisha vizuri, nikampa sahani ya kwanza, na mbele ya akina mama wenzangu kwenye maulidi nilimtambulisha kwa mdomo mtamu: huyu ni kama dada yake, wanaishi kama ndugu. Binti yangu alikuwa akitazama zulia. Yule msichana alitabasamu, maana hakuelewa. Kiswahili chake kilikuwa maneno manne aliyoyapata kwa bibi yake: leta, haraka, maji, basi. Aliniambia mara moja kwa Kiingereza, bila kutania, kwamba bibi yake alimrithisha maneno ya kutuma watu tu, naye angependa kupata maneno ya kuzungumza na watu.

Basi tukawafanya ndugu. Pale mkubwa aliposema amekuwa akimwogopa mwenzake, mimi nilisema, "Baba alinificha habari zako." Pale mdogo alipouliza kwa nini, mwenzangu aliuliza, "Mama yako anajua?" Maneno yalikaa kwenye midomo yao vizuri ajabu. Busu halikuhitajika, kituo kingelikata. Nilikwenda nyumbani na mkono mkavu, nimefurahi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yetu ilikuwa na mashimo. Kituo kilikata midomo tu. Kilibakiza macho. Kilibakiza mkono wa mkubwa shingoni mwa mdogo, na asubuhi waliyoamka kitanda kimoja, na wivu wa mdogo pale mkubwa alipokwenda kula na wakili wa serikali. Yote hayo sasa tulilazimika kuyasemea kama ya mtu na dada yake. Kwenye kitanda kimoja nilisema, "Hata utotoni tungelala hivi, kama baba angekuwa mwungwana." Nilisema hivyo! Msimamizi alicheka mpaka yai likampalia. Na kwenye kipindi cha tisa akatokea baba mwenyewe wa mkubwa, hai, ana fimbo, akampa mdogo mkono na kusema amefurahi kumfahamu. Ikabidi tumfanye baba yao mdogo, aliyekuwa safarini miaka yote.

Hapo ndipo kinyaa changu kilipoanza kugeuka mwelekeo, na sikukipenda kilipoelekea. Nilikuwa nimezoea kumtazama yule mwanamke kwa jicho la kumsuta. Lakini kila nilipovuta pumzi naye, pumzi yake ilikuwa safi. Alikuwa akijifunza vitu vidogo vidogo, kwa tabu, kama mzee wangu mmoja wa kule kazini aliyejifunza tena kushika kijiko baada ya kiharusi. Alijifunza kusema samahani. Alijifunza kupiga simu kusema atachelewa. Kwenye kipindi cha kumi muuaji amekwisha kukamatwa, na yeye yuko jikoni, wima, kwenye sinki, na mdogo anavuta kiti na kumwambia, keti, ule. Anaketi. Baada ya vipindi kumi, mwanamke yule anaketi kula. Kisha anasema neno ambalo hajalisema kwa mtu yeyote tangu tamthilia ianze.

Kwa Kiswahili neno hilo ni "Nakupenda." Silabi nne. Msimamizi alihesabu kwa vidole. "Damu yangu," alisema. "Nne pia. Inaingia sawasawa."

Nilivaa spika. Nilimtazama yule mwanamke akivuta pumzi, nikavuta naye. Machozi yake yalikuja na yangu yakaja, ya kweli, na nikafungua mdomo nikasema, "Damu yangu."

"Safi sana," alisema msimamizi. Hakusema rudia. Mwenzangu alinipa karatasi ya kufutia uso. Mimi nilisikia ladha mbaya mdomoni, ladha ya sarafu, na haikutoka siku nzima, hata niliposukutua kwa chumvi.

Vipindi vilianza kuonyeshwa nyumbani, na vikawekwa pia kwenye mtandao, kwa hiyo tulioko huku tuliviona kwenye simu. Nilisoma maoni ya watazamaji nikiwa kwenye basi naelekea kazini. Nilitarajia watasifu sauti. Baadhi walisifu. Lakini baada ya kipindi cha tano walianza kuulizana hawa ndugu wana nini. Dada gani anamtazama dadake hivi? Mbona anamshika kiunoni? Kufikia cha saba walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba ni hadithi ya watoto wa baba mmoja wanaolala pamoja, na laana zao zilijaa kurasa. Wengine walisema wamezima televisheni, watoto wasione uchafu huo. Na walikuwa na haki. Niliyasoma tena na tena, basi linapita vituo, na nikaelewa nilichofanya. Nilichukua watu wawili wasio na undugu wowote, waliopendana kwa adabu na kwa woga, nikawatia najisi ambayo hawakuwa nayo. Uchafu wote uliokuwa kwenye tamthilia ile niliupeleka mimi. Nilishuka kituo kisicho changu na kutembea.

Mwenzangu wa Bukavu alinipigia simu akilia. Kanisani walikuwa wameanza kumuuliza. "Tulikimbia kitu kidogo, mama," alisema, "tukaingia mu kitu kikubwa." Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Lakini simu iliyoniumiza ilikwisha kupigwa kabla ya hiyo. Binti yangu alikuwa ameiona tamthilia ile kwa Kiingereza zamani, yeye na mwenzake, na niliposema nimepata kazi ya kumsemea mpelelezi mkubwa aliniuliza mara mbili kama nina hakika ni tamthilia hiyo. Nikasema ndiyo. Sauti yake ilipanda kwa furaha ambayo sikuijua maana yake wakati ule. Alingoja wiki hadi wiki. Kipindi cha nne kilipotoka alinipigia saa ile ile.

"Umewafanya ndugu," alisema.

"Kituo ndicho kilichotaka..."

"Nani alitoa wazo?"

Ningeweza kumtaja Mkenya. Sikumtaja, naye akajua.

"Ndivyo unavyofanya," alisema. Hakupandisha sauti, angepandisha ningejua pa kushika. "Ndivyo unavyotufanya sisi, mbele yangu, na mimi nimesimama pale. Siwezi kuja tena kusimama pale, mama."

Hakuja kula Jumapili hiyo kama kawaida yake. Hakuja iliyofuata, wala nyingine zote hadi tamthilia ikaisha. Nilipika pilau ya watu watatu nikaila siku nne, wima, kwenye sinki, na siku ya tatu nikajiona ninavyokula na nikaitupa. Nilijua kabisa ninachopoteza. Sina mtoto mwingine. Nilikuwa nampoteza yule niliyenaye, na si kwa sababu ya alichoniambia ndani ya gari. Ni kwa sababu nilimwambia sikusikia.

Aliyemrudisha hakuwa mimi. Alikuwa yule msichana wa wazee wa Kisumu. Alinipigia mwenyewe, Jumamosi, akasema kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba watakuja kesho kula, wote wawili, na ana kitu cha kunionyesha. Nyuma yake nilisikia binti yangu akisema jambo kwa ukali na mlango ukifungwa.

Walikuja saa saba mchana. Binti yangu alinisalimu na kukaa bila kuvua koti. Yule msichana alisimama katikati ya sebule yangu, akaunganisha mikono kama anayeimba shuleni, akasema:

"Shikamoo, mama. Habari za tangu juzi? Mimi ni mzima. Nimefurahi kufika."

Nilishtuka. Lafudhi ilikuwa ya Bukavu kabisa. Nilimtazama yule binti wa Kihindi wa Hounslow na nikamsikia mke wa mchungaji.

Akanieleza, na uso wake ulikuwa unang'aa. Amejifunza kwenye tamthilia yangu. Kwa kuwa aliijua kwa Kiingereza karibu neno kwa neno, ameitazama kwa Kiswahili vipindi vyote kumi, mara mbili, vingine mara tatu, akiandika kila neno alilolisikia mahali pa lile alilolijua. Alifanya kwa siri, kwenye mapumziko kazini, ili amshtue mwenzake. Nilimtazama binti yangu. Yeye aliacha kutazama baada ya kile cha nne, na nikaona usoni mwake kwamba hakumwambia mwenzake kwa nini. Aliona aibu kwa ajili yangu. Alinifichia.

Tuliandaa chakula. Mimi nilibaki kwenye kaunta ya jikoni, sahani mkononi, kama kawaida yangu.

"Keti, ule," yule msichana aliniambia, kwa sauti ile ile ya mwenzangu. Nikaketi, maana nilikosa la kufanya.

Kisha akaweka uma chini, akarudi kwenye Kiingereza, na macho yake yakaloa. Alisema anataka kunishukuru. Alisema bibi yake alikufa bila kulitaja jambo lao hata mara moja, na yeye alidhani mimi nami nitakuwa hivyo, mtu wa kumpa sahani ya kwanza na kutomwona. Halafu akasikia sauti yangu. Alisema hakuwahi kufikiri mama wa mtu, mama wa kwetu, angekubali kuyasema maneno yale, kwa lugha yake mwenyewe, watu wa kwao wote wakisikia. Alisema pale mwisho, jikoni, nilipolia, naye alilia.

Nimewahi kusikia harufu nyingi katika kazi yangu. Sijawahi kujinusa kama siku ile. Nilikaa kwenye kiti changu nikashukuriwa kwa wema ambao niliukataa kwa makusudi, na pilau ilikuwa inapoa, na binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa kama siku ya maulidi.

Yule msichana akamgeukia. Akamshika mkono juu ya meza, akavuta pumzi mahali pale pale nilipovuta mimi, na kwa mapozi yangu yote, kwa mtetemo wangu wote, akamwambia:

"Damu yangu."

Binti yangu aliinua kichwa. Hakumtazama mwenzake. Alinitazama mimi.

Na ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Yule msichana alikuwa na furaha. Lingebaki neno lao, wangelitumia nyumbani kwao Hounslow, na hakuna ambaye angelijua kosa isipokuwa mtu mmoja anayejua Kiswahili, na mtu huyo alikwisha kuonyesha anaweza kunifichia. Mdomo ulijaa mate. Nilitaka kwenda kunawa.

"Sivyo," nilisema.

Yule msichana alidhani amekosea matamshi. Akajaribu tena, polepole.

"Unalitamka vizuri sana," nilimwambia. "Neno lenyewe ndilo baya. Hilo ni la mtu mliyezaliwa pamoja. Yule mwanamke hakusema hivyo. Niliwafanya ndugu. Tangu ndani ya gari, mpaka mwisho. Mimi ndiye niliyetoa wazo hilo, na nililitoa kwenu nyinyi wawili, kwa sababu ndivyo ninavyowaita mbele za watu."

Nilimwambia kwa Kiingereza, pasiwe na pa kujificha. Aliuondoa mkono wake kwenye mkono wa binti yangu, taratibu, kama mtu aliyeambiwa kikombe kina ufa. Shingo yake ilikuwa nyekundu.

"Kwa hiyo nimemwita ndugu yangu," alisema.

"Ndiyo."

"Na 'mdogo wangu'?"

"Na hilo pia."

Alisukuma sahani yake kando. Nilidhani atainuka, na kama angeinuka binti yangu angeinuka naye, na koti lilikuwa bado mwilini. Lakini alikuwa mkaidi yule, mwenye maneno manne ya kutuma watu. Alichukua kalamu kwenye mkoba, akafungua daftari lake, akafuta mstari mmoja, na kuniuliza bila kuniangalia.

"Basi lile lenyewe husemwaje?"

Nilisafisha koo. Nilitazama wali.

"Nakupenda," nilisema.

Kalamu yake ilitembea. Kisha kijiko kikagonga sahani upande wa pili wa meza. Binti yangu alikuwa ameanza kuvua koti, mkono mmoja ndani, mmoja nje, na amesita hapo hapo. Alinijibu kwa Kiswahili, ambacho sikuwa nimekisikia kinywani mwake tangu alipokuwa na miaka mitano.

"Sikukusikia, mama."

Niliinua uso. Nilingoja avute pumzi, nikavuta naye, nikarudia.